Episodi Moja Isiyosahaulika: Mwongozo wa Kutunga na Kupiga Tamthilia Mji wa Kale, Mombasa

Tamthilia inayorushwa Jumatatu hadi Ijumaa hufikisha episodi 260 kwa mwaka. Nyingi hutazamwa, hufurahiwa, na wiki mbili baadaye hakuna anayezikumbuka. Halafu inatokea moja. Kesho yake inazungumzwa kwenye matatu za Likoni, kwa muuza kahawa, sokoni Marikiti, na hata asiyeifuata tamthilia ile anataka aelezwe kulikuwa na nini. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuitengeneza hiyo moja kwa bajeti ya kawaida ya televisheni ya Kenya, na mwenye bahati ya kuwa karibu na Mji wa Kale.

Msimamo wangu ni huu: episodi husifiwa kwa sababu imelipa deni ambalo mtazamaji amekuwa akilidai kwa muda mrefu, na imelilipa lote. Risasi, vilio, harusi zinazovurugika, magari yanayogongana pale Makupa, vyote hivyo ni vyombo tu. Mfano unaotajwa zaidi duniani ni "Ozymandias", episodi ya Breaking Bad iliyorushwa Marekani tarehe 15 Septemba 2013. Iliandikwa na Moira Walley-Beckett, aliyepata tuzo ya Emmy kwa uandishi huo, na kuongozwa na Rian Johnson. Kwa miaka mingi ilishikilia alama 10 kwa 10 kwenye tovuti ya IMDb. Ukiitazama bila kujua yaliyotangulia, utaona watu wakilia jangwani na wengine wakigombania kisu ndani ya nyumba, basi. Aliyeifuata tangu msimu wa kwanza anaona kitu kingine kabisa: kila uongo aliousikia kwa misimu mitano unadaiwa mmoja baada ya mwingine. Hata mwanzo wake unarudi nyuma hadi uongo wa kwanza ambao mume alimwambia mkewe kwa simu, na mahali aliposimama akidanganya ndipo palepale ambapo baadaye damu inamwagika.

Usidhani haya ni ya Marekani tu. Rashid Abdalla na Lulu Hassan, kupitia kampuni yao ya Jiffy Pictures, wamethibitisha kuwa Mkenya atakaa mbele ya televisheni jioni baada ya jioni kwa ajili ya hadithi ya Kiswahili. Maria ilianza Citizen mwaka 2019, ikafuatwa na Zora mwaka 2021 na Sultana mwaka 2022, hii ya mwisho ikimweka mbele binti wa Pwani asiyeona. Watazamaji wapo, na Kiswahili chetu wanakipenda. Tushuke kwenye kazi.

Hatua ya 1: Orodhesha madeni yote

Chukua daftari urudi hadi episodi ya kwanza. Andika kila siri ambayo mtazamaji anaijua na mhusika haijui, kila ahadi iliyotolewa, kila tishio, kila karatasi iliyofichwa kabatini. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu tamthilia ya kila siku huandikwa na watu kadhaa kwa zamu, na jambo lililopandwa na mtunzi mmoja mwezi Februari hupotea mikononi mwa mwingine mwezi Mei. Mtazamaji wako hajalisahau. Kina mama wanaofuatilia tamthilia tangu mwanzo hukumbuka hata rangi ya leso aliyovaa mhusika siku ya tukio.

Kando ya kila deni andika nani anadai, nani anadaiwa, na limekaa kwa episodi ngapi.

Tuchukue mfano mmoja wa kubuni na tuende nao hadi mwisho. Bi Mwanaisha anaishi katika nyumba ya ghorofa karibu na Ndia Kuu, nyumba aliyoachiwa na babake. Amemlea Swaleh, mtoto wa nduguye aliyefariki. Katika episodi ya nne Swaleh alimletea karatasi atie sahihi, akamwambia ni maombi ya kuunganishiwa maji ya mfereji. Mtazamaji alionyeshwa ukweli: ilikuwa hati ya mauzo ya nyumba. Pesa zikaenda kwa wakala aliyemwahidi Swaleh kazi Ghuba, na wakala akatoweka. Tangu siku hiyo zimepita episodi 30. Bi Mwanaisha bado ananunua maji ya mkokoteni, na kila usiku anamwekea Swaleh sahani ya wali.

Hilo ndilo deni zuri. Siri ambayo hata mtazamaji hakuijua humshtua kwa sekunde chache tu ikifichuka. Siri aliyokaa nayo mwezi mzima, akiiona sahani ile ikifunikwa kila usiku, humtoa jasho, na anapoona jambo linakaribia kufichuka anaita walio jikoni waje.

Hatua ya 2: Lilipe kabla ya siku linapotarajiwa

Kosa linalorudiwa sana ni kuhifadhi jambo kubwa hadi episodi ya mwisho ya msimu. Mtazamaji ameshajua. Ameshajiandaa, ameshabashiri na jirani, na pengine alibashiri vizuri kuliko ulivyoandika.

Tazama tamthilia ya Succession. Kichwa chenyewe, maana yake kurithi nafasi, kilimwahidi mtazamaji kwamba mzee mwenye kampuni ataondoka na watoto watagombania nafasi yake. Kila mtu alisubiri kifo hicho mwishoni. Mtunzi Jesse Armstrong alikiweka katika episodi ya tatu kati ya kumi za msimu wa mwisho, "Connor's Wedding", iliyorushwa tarehe 9 Aprili 2023. Mzee anafia ndani ya ndege. Watoto wake wako kwenye meli ya harusi, na habari inawafikia kwa simu. Uso wake anapokufa hatuuoni. Tunaona watoto wakipokezana simu, kila mmoja akijaribu kumwambia babake neno asilolijua. Mwongozaji Mark Mylod aliwaacha waigizaji waende na tukio hilo karibu nusu saa bila kusimamishwa, kisha akakata alichokihitaji.

Mtunzi wa Mombasa azingatie ile simu. Hapa hakuna mtaa usio na mtu Muscat, Doha au Jeddah, na habari kubwa za familia zetu, za heri na za shari, hufika kwa simu huku chai ikipoa.

Kwa hiyo lipa deni Jumatano. Lilipe wiki ambayo hakuna tangazo lolote la "usikose". Katika mfano wetu, watazamaji wanategemea siri ya nyumba ifichuke siku ya harusi ya bintiye Bi Mwanaisha, ambayo tumekuwa tukiiandaa kwa wiki sita. Tuitoe siku kumi kabla ya harusi, siku ya kawaida ambayo hakuna aliyevaa vizuri.

Hatua ya 3: Hakikisha halirudi nyuma

Maji yakimwagika hayazoleki, na episodi kubwa ni ile iliyokubali kuyamwaga. Hapa nitasema wazi, kwa sababu naipenda kazi hii: tabia ya kumfufua aliyekufa, kumzindua aliyezirai akiwa amesahau kila kitu, kumleta pacha asiyejulikana, au kusema ilikuwa ndoto, imewafundisha watazamaji wetu kutoamini machozi. Mtu akishachezewa hivyo mara mbili, mara ya tatu anasubiri kesho kabla ya kulia.

Kipimo ni rahisi. Jiulize: je, simu moja, tajiri mmoja au hakimu mmoja anaweza kulifuta jambo hili kesho? Kama anaweza, rudi mezani. Katika mfano wetu, Swaleh akirudishiwa pesa zake episodi inayofuata, tumewaibia watu. Nyumba lazima iwe imeuzwa kweli, kwa mnunuzi aliyelipa bei halali na asiye na hatia yoyote. Mnunuzi mwovu hurahisisha mambo, kwa sababu mwovu anaweza kushindwa. Mnunuzi mwema mwenye haki yake ndiye anayeufunga mlango.

Hatua ya 4: Nyumba moja, alasiri hadi isha

Ukishapata tukio, libane. Mwezi Mei 2010 watengenezaji wa Breaking Bad walikuwa wamebanwa na bajeti, wakatoa "Fly": watu wawili ndani ya maabara, wakimfukuza nzi mmoja. Watazamaji waligawanyika kuihusu, lakini mwongozaji alikuwa Rian Johnson yuleyule aliyekuja kuongoza "Ozymandias" miaka mitatu baadaye. Mwaka 2025 Adolescence ya Uingereza ilipigwa kwa episodi nne, kila moja bila kukata kamera hata mara moja. Inayosifiwa zaidi ni ya tatu, ambapo kijana na mwanasaikolojia wanazungumza ndani ya chumba kimoja tangu mwanzo hadi karibu mwisho. Owen Cooper, aliyeigiza kijana huyo, hakuwa na uzoefu wowote wa televisheni, na Emmy akaipata. Erin Doherty, aliyeigiza mwanasaikolojia, akapata yake.

Kwa mwenye bajeti ndogo hizi ni habari njema. Nyumba moja, wahusika wanne, siku mbili au tatu za kupiga. Unachookoa kwa kutokwenda Nyali wala Bamburi kitumie kwenye mazoezi na sauti.

Nyumba za Mji wa Kale zinakupa mpangilio uliokwisha kutungwa. Kuna baraza nje ambapo wanaume hukaa na kahawa, mlango wa mbao wa nakshi, ngazi za mbao zinazolia mtu akipanda, na juu roshani inayotazama njia. Aliye ndani ya nyumba husikia kila anayeingia kabla hajamwona, na aliye roshani anaona kila anayekuja kabla hajabisha. Tumia hilo. Acha Bi Mwanaisha amsikie Swaleh kwa hatua zake kwenye ngazi, atambue kutokana na mwendo kwamba leo kuna jambo, nasi tumwone yeye akisikiliza tu, bila kumwonyesha Swaleh.

Wakati nao umeshapangwa na mji. Kuanzia alasiri, karibu saa kumi kasorobo, hadi isha, karibu saa mbili kasorobo usiku, ni saa nne ambazo nyumba hubadilika mara nne: usingizi wa mchana unaisha, chai inapikwa, magharibi inaingia na taa zinawashwa, wanaume wanatoka kwenda kuswali na wanarudi. Kila badiliko ni mahali pa kufungua au kufunga onyesho. Mtu anayetaka kusema jambo zito atasubiri wanaume watoke. Anayetaka kulikwepa ataharakisha udhu. Hakuna haja ya kubuni kisingizio cha mtu kuingia au kutoka chumbani.

Hatua ya 5: Andika onyesho kuu kwa maneno machache

Hapa ndipo episodi nyingi zinapoharibika. Deni linapolipwa, mtunzi huona hamu ya kuwapa wahusika hotuba. Mwanamke anasimama katikati ya sebule na kumweleza mdanganyifu kila alilomtendea, kwa mpangilio, huku muziki ukipanda. Mtazamaji aliyashuhudia yote, hahitaji kusomewa.

Mtu wa Mombasa akiwa na uchungu mkubwa na mtu wake hutafuta upenyo. Atauliza jambo dogo. Atakaribisha chakula. Tuandike hivi. Ni saa kumi na moja. Bi Mwanaisha amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya wali wa usiku. Asubuhi alipokea wageni waliokuja kupima nyumba. Tuliwaona, Swaleh hajui kwamba walikuja.

"Umekula?"

"Nimekula, Shangazi."

"Wapi?"

"Kwa watu."

"Kuna mkate wa sinia hapo, umefunikwa. Kula, babangu."

Swaleh anakaa. Anafunua sahani, anakata kipande, hakipeleki mdomoni. Nazi inaendelea kukunwa. Nje, hamali anapita na mkokoteni wa mitungi, anapiga kelele za maji.

"Swaleh."

"Labeka, Shangazi."

"Yale maji tuliyotia sahihi, yatakuja lini?"

Mkono wa Bi Mwanaisha unasimama. Ni hapo tu sauti ya mbuzi inapokatika, baada ya dakika mbili nzima za kuisikia, na mtazamaji anajua kwamba anajua. Swaleh naye anajua. Neno "nyumba" halijatamkwa. Katika maonyesho yote yanayofuata ya episodi hiyo nashauri lisitamkwe hata mara moja.

Zingatia namna wanavyoitana. Swaleh hawezi kumtaja shangazi yake kwa jina, na Bi Mwanaisha akimwita "babangu" anambembeleza na kumchoma kwa neno lilelile. Mpe kila mhusika Kiswahili chake: bibi wa Kibokoni atasema mato na ndia, kijana aliyesomea Nairobi atasema macho na njia, mnunuzi wa kutoka bara atachanganya na Kiingereza cha ofisini. Usiwalazimishe wote wazungumze Kiswahili cha taarifa ya habari. Tena usiwajaze Kimvita kupita kiasi hadi ionekane unakionyesha. Mtu kwao haionyeshi lahaja yake, anaisema tu.

Hatua ya 6: Mazoezi ndani ya nyumba yenyewe

Tamthilia ya kila siku haina muda wa mazoezi, nalijua hilo. Kwa episodi hii moja, tafuta siku mbili. Walete waigizaji ndani ya nyumba mtakayopigia, bila kamera. Mwigizaji wa Bi Mwanaisha akune nazi kweli hadi mikono iijue, kwa sababu asiyezoea hukuna akitazama mkono, na macho tunayataka kwa Swaleh. Apande ngazi zile mara nyingi, ajue ni ipi inayolia.

Hatua ya 7: Kupiga Mji wa Kale

Anza na ruhusa. Leseni ya kupiga filamu ichukuliwe mapema, kaunti ijulishwe, na ukitaka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2011, zungumza na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya wanaoisimamia. Ila ushauri wangu kwa episodi hii ni kwamba Fort Jesus uiache. Kila mgeni anayepiga filamu Mombasa huanza na ukuta wake na mizinga, na mtazamaji wa hapa akiuona anahisi anatembezwa. Mlango mmoja wa Ndia Kuu wenye pete ya shaba iliyochakaa utakueleza zaidi.

Ruhusa ya karatasi haitoshi. Nenda kwa chifu na mzee wa mtaa, kisha pita nyumba kwa nyumba katika kichochoro chako ukiwa na mtu wa mtaa huo, ikiwezekana mama anayeheshimika. Eleza siku, saa na hadithi inahusu nini. Wanawake wengi hawataki kuonekana kwenye picha wakiwa dirishani au kwenye baraza, na ni haki yao, basi weka mtu wa kuangalia hilo tu. Lipa kijana wa mtaa azuie njia kwa dakika mbili mbili, na mwambie asimfokee hamali. Yule hamali ana mitungi ishirini ya kufikisha, na siku yake ni ngumu kuliko yako. Mwombe mmoja wao, umlipe, awe ndiye anayepita katika onyesho lako.

Sauti ndiyo itakayokutoa jasho. Tuktuk, pikipiki, kunguru wanaoanza ugomvi jioni, jenereta umeme ukikatika, watoto wakitoka chuoni. Nenda na fundi wa sauti siku tatu kabla, mkae kimya ndani ya nyumba kwa saa nne zile, mwandike kila kelele na wakati wake. Mtagundua kwamba nyingi zina ratiba. Maonyesho ya mazungumzo mapole yapangwe kwenye mapengo hayo, na rekodi kelele zenyewe kando, bila waigizaji, uwe nazo wakati wa kuhariri.

Adhana nayo ihesabiwe vizuri. Eneo hili lina misikiti mingi iliyokaribiana, ukiwemo Mandhry uliojengwa karibu mwaka 1570, na sauti huingia kwa kupishana, kwa hiyo huwezi kuikata katikati ya onyesho na kuiunganisha bila masikio ya watu wa hapa kugundua. Simamisha kazi, watu waswali, endelea. Ukiihitaji ndani ya hadithi, iache ifanye inachofanya nyumbani: mazungumzo yanakatika, televisheni inapunguzwa sauti, anayekuna nazi anatulia. Kuiweka nyuma ya onyesho la ugomvi ili lipate uzito ni utovu wa adabu, na watu watakuzungumza kwa hilo badala ya hadithi.

Mwanga: Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, ukitazama maji na Nyali. Asubuhi jua huingia kutoka baharini likapiga kuta moja kwa moja. Alasiri linashuka nyuma ya majengo na vichochoro vinaingia kivuli mapema, kabla ya saa kumi na moja. Kwa hadithi yetu hilo linatufaa, kwani tunapata saa nzima ya mwanga laini wa kuakisiwa na kuta nyeupe, usiobadilika kila dakika. Adhuhuri usipige nje. Sura zote zitakuwa na vivuli vyeusi machoni. Kuhusu taa za usiku, tumia zile za nyumba yenyewe na uongeze kidogo tu.

Mambo madogo yanayoharibu siku: kamera iliyolala kwenye chumba cha baridi ya mashine itapata ukungu kwenye lenzi ukiitoa kwenye joto la kaskazi, basi itoe chumbani ikiwa ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla. Ukipiga kando ya Bandari ya Kale, soma ratiba ya maji. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, na boti iliyokuwa ikielea nyuma ya mwigizaji asubuhi itakuwa imelala matopeni mchana. Epuka Aprili na Mei, mvua za masika zitakuvunjia ratiba. Na mwezi wa Ramadhani usipange kazi nzito kabla ya futari.

Hatua ya 8: Kuhariri

Anza kukata kwa kuondoa muziki wote. Itazame episodi kimya. Onyesho lisilosimama bila muziki limeandikwa vibaya, na kinanda hakitaliokoa. Baadaye rudisha kidogo, mahali pawili au patatu. Taarabu nayo isiwe pambo la kutuambia tuko Pwani. Iwepo tu kama kuna redio iliyowashwa na mtu anayeisikiliza.

Matangazo ya biashara yatakukata, hilo halikwepeki. Usimalize sehemu kwa mtu kushtuka na kamera kumkimbilia usoni. Maliza kwa tendo lililoanza na halijaisha: Swaleh ameshika mkate, hajaula. "Ozymandias" yenyewe ilichelewesha majina ya ufunguzi hadi dakika kama ishirini hivi, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kupumua kabla ya hapo. Nawe unaweza kukiomba kituo kikuruhusu kuvunja mpangilio wake kwa siku moja. Mara nyingi hakuna aliyewahi kuuliza.

Hatua ya 9: Waonyeshe watu kabla ya kurusha

Watafute watu wanane au tisa wa mtaani ambao hawakushiriki, wengi wao wanawake waliofuata tamthilia tangu mwanzo. Wakae sebuleni kwa mtu, chai iwepo. Wewe kaa pembeni usiitazame skrini, watazame wao. Andika dakika mtu anapochukua simu. Andika dakika mtu anapomjibu mhusika kwa sauti, maana hapo umempata. Ukisikia "huyu hawezi kusema hivyo" mara mbili kutoka kwa watu tofauti, kata neno hilo bila ubishi. Wanamjua Bi Mwanaisha kuliko wewe, wameshaishi naye.

Hatua ya 10: Episodi ya siku ya pili

Sifa za episodi hulindwa na ile inayoifuata. Kesho yake watu watawasha televisheni mapema kuliko kawaida, na wakikuta Bi Mwanaisha amesamehe, au harusi inaendelea kana kwamba hakukutokea jambo, watajiona wajinga kwa kulia jana. Andika muswada wa siku ya pili kabla ya kupiga wa kwanza, na upige zote mbili pamoja ukiwa bado na nyumba, mavazi na majirani waliokwisha kukubali. Katika mfano wetu, mnunuzi anafika saa mbili asubuhi na fundi. Ni mtu mpole, amevua viatu mlangoni, anataka kujua kama mlango wa nakshi unauzwa pamoja na nyumba au Bi Mwanaisha anauondoa, na sheria ya hifadhi ya Mji wa Kale inamruhusu kubadilisha nini. Bi Mwanaisha ndiye anayejua majibu yote mawili, kwa hiyo inambidi amkaribishe.